Ada Iliondoka, Umaskini Ukabaki: Kumbukumbu ya Shule za Liparamba na Mwambao wa Nyasa

Umaskini wa kaya humfikia mwanafunzi kwa njia nne: gharama inayomzuia kuandikishwa, kazi inayomtoa darasani, njaa na maradhi yanayompunguzia uwezo wa kuelewa, na umbali unaomchosha kabla somo halijaanza. Katika kata ya Liparamba, kusini mwa mkoa wa Ruvuma karibu na mpaka wa Msumbiji, njia zote nne zimekuwapo tangu zamani, ila uzito wake umehama. Waliosoma kabla ya miaka ya 1970 hukumbuka ada kuwa ndiyo iliyowatenga walioingia shuleni na waliobaki nyumbani. Wajukuu wao hawalipi ada. Wanaingia karibu wote, na umaskini unaingia pamoja nao hadi kwenye dawati.

Liparamba ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, wilaya ya Nyasa ilipomegwa na makao yake kuwekwa Mbamba Bay. Katika eneo hilo fedha hupatikana kwa namna tatu. Kwenye milima ya Umatengo kuna kahawa, pamoja na mahindi na maharage yanayolimwa kwa ngolo, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko yanayopamba miteremko yote. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa kuna mihogo na uvuvi wa usipa na mbasa. Upande wa Liparamba, penye misitu, Pori la Akiba na mito inayoteremkia Mto Ruvuma, watu hutegemea mahindi, mihogo, ufuta na korosho. Mkulima wa kahawa hushika fedha mara moja kwa mwaka. Mvuvi hushika usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka hukaa mikono mitupu. Kalenda ya shule haikupangwa kumfuata yeyote kati ya hao, na ugumu wa wazazi kulipia shule ulianzia hapo.

Shule za kwanza zilikuwa za misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na Waanglikana wa UMCA walijenga Liuli, kando ya ziwa. Shule ndogo za vijijini zilifundisha dini, kusoma na kuhesabu katika madarasa ya chini. Aliyetaka kuendelea alikwenda mbali, na mtihani wa darasa la nne uliwachuja wengi kabla ya kufika huko. Ada ililipwa kwa kuuza kuku, mahindi au kahawa. Kaya yenye watoto sita ilichagua mmoja, na mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa mvulana. Dada zake walibaki kwenye jembe, kinu na kulea wadogo. Umaskini wa wakati huo haukumsumbua mwalimu darasani, kwa kuwa mtoto maskini hakuwamo kwenye daftari la mahudhurio.

Baada ya uhuru, jaribio kubwa la kuifanya shule imbebe mtoto wa mkulima lilifanyika katika mkoa huohuo. Huko Litowa, Songea, wanachama wa umoja wa vijiji vya ushirika, Ruvuma Development Association, walianzisha shule iliyopokea watoto wa vijiji hivyo. Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, wanafunzi walilima, walifuga na kujifunza mambo yaliyohusu maisha ya vijijini kwao. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mengi aliyoyahimiza yalikuwa yakifanyika tayari Litowa. TANU ilivunja umoja huo Septemba 1969. Shamba la shule lilibaki na kusambaa nchi nzima, lakini kwa sura nyingine: katika shule nyingi lilikuwa kazi ya jioni isiyohusiana na somo, na mazao yake hayakurudi kila mara kwenye sahani ya mwanafunzi.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, pamoja na machungu yake yote, kulisogeza kaya zilizotawanyika karibu na jengo la shule. Elimu hiyo kwa wote ilijulikana kwa herufi zake tatu za Kiingereza, UPE, na watoto wa miaka hiyo bado huitwa kizazi cha UPE. Madarasa yalijaa kabla ya kuta kusimama. Walimu hawakutosha, hivyo zaidi ya vijana 40,000 nchini, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Wasichana waliandikishwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja kikizungukwa na vichwa vitano. Daftari likiisha, mtoto wa darasa la kwanza alirudi kuandika mchangani kwa kidole.

Miaka ya 1980 ilirudisha nyuma sehemu ya mafanikio hayo. Uchumi uliyumba baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, serikali ikashindwa kugharimia shule ilizofungua, na michango ikarudi kwa majina mbalimbali: ya UPE, ya madawati, ya mlinzi, ya mitihani. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia, na vyama vya ushirika vilivyozoea kumkopesha mkulima pembejeo vikadhoofika. Kaya za Mbinga zilizokuwa zikilipia shule kwa kahawa zilibaki na deni. Aliyekosa sare au mchango alirudishwa nyumbani akaulete, naye alirudi baada ya wiki mbili au hakurudi kabisa. Wakati UPE ilikuwa imeandikisha karibu watoto wote wa umri wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika miaka ya 1990 kiwango kilishuka hadi kama robo tatu.

Ada ilifutwa tena mwaka 2001, ukafuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Majirani walipita njia hiyohiyo: Malawi, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1994, Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003. Kisha zikaja sekondari za kata. Januari 2016 elimu bila ada ikafikishwa kidato cha nne na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Mwaka huo walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa karibu milioni 1.9, kutoka kama milioni 1.4 mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 msamaha wa ada ukafika kidato cha sita.

Mara zote mlango ulifunguliwa na watoto wakaingia. Waliyokuwa wakijifunza humo ndani yalikuja kupimwa baadaye. Tathmini za mpango wa Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba watoto wa kaya maskini walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma na kuhesabu. Tangu hapo mjadala umehamia kwenye yanayompata mtoto maskini akiwa ameketi mbele ya ubao.

La kwanza ni njaa. Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi: Songea ina maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na malori ya mahindi huondoka huko kila msimu. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2015–16 ulikuta asilimia 44 ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya mahindi, ilikuwa katika hali kama hiyo. Udumavu hausababishwi na uhaba wa ugali. Husababishwa na mlo wa aina moja usio na samaki, mayai, maharage au mboga za kutosha, na kuhara kwa mara kwa mara. Husababishwa pia na kazi nzito za mama mjamzito au anayenyonyesha, anayemwacha mtoto na ndugu mdogo tangu alfajiri hadi alasiri. Madhara yake hujengeka ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na mtoto hufika darasa la kwanza akiwa nayo tayari. Kwa aliyedumaa na kwa asiyedumaa, njaa ya siku huja juu ya hayo. Aliyekula jana jioni na kutembea saa nzima asubuhi huanza kusinzia saa nne, na saa nane hasikii tena kinachosemwa.

La pili ni maradhi. Malaria humtoa mtoto shuleni siku kadhaa kila inapompata, na ikirudiarudia humwachia upungufu wa damu. Kando ya ziwa kuna kichocho, kwa kuwa kuogelea, kuteka maji, kufua na kuvua hufanyika katika maji yaleyale. Mtoto mwenye kichocho au minyoo huonekana mvivu, kumbe amechoka. Shule ndipo mahali pepesi pa kuwafikia watoto wengi kwa pamoja, na ndiyo sababu dawa za kichocho na minyoo hugawiwa huko. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliona utoro ukipungua kwa robo katika shule zilizogawa dawa hizo. Dawa ya kichocho hupaswa kumezwa mtoto akiwa amekula kwanza, jambo linaloiunganisha huduma hiyo na suala la chakula.

La tatu ni kazi. Kwenye milima, msimu wa kuandaa ngolo na msimu wa kuchuma kahawa huhitaji mikono yote ya nyumbani. Upande wa Liparamba, mashamba yaliyo karibu na pori hulindwa mchana dhidi ya ngedere na nguruwe, na kazi hiyo hupewa watoto. Kaya nyingine huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa wiki kadhaa, na mtoto huhama nazo. Mwambaoni usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mvulana aliyekesha ziwani au aliyesubiri mitumbwi alfajiri ili apate kisado cha kuuza hulala darasani, kama akifika. Wasichana hubeba sehemu kubwa ya kuteka maji, kutafuta kuni na kuangalia wadogo. Mwalimu huona utoro, lakini daftari la mahudhurio likisomwa mwezi kwa mwezi huonyesha kalenda ya mavuno na ya mwezi mchanga.

La nne ni umbali. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66 hivi, imebadilisha biashara ya mwambao, lakini vitongoji vilivyo ndani bado hufikiwa kwa miguu au bodaboda, na masika mito hukata njia. Mtoto wa miaka saba hawezi kutembea kilomita sita asubuhi na sita jioni, hivyo wazazi humchelewesha hadi afikishe miaka tisa au kumi. Anaanza akiwa mkubwa kuliko darasa lake na huacha mapema. Kwa sekondari, umbali umezaa magheto: vyumba vya kupanga karibu na shule, ambamo kijana wa miaka kumi na minne hujipikia na kujilinda mwenyewe, na msichana hukabiliwa na hatari zaidi. Yapo maeneo nchini ambako wazazi waliohofia gharama hizo waliwaambia watoto wajifelishe mtihani wa darasa la saba. Kwao kufaulu kulikuwa mzigo.

Kwa vikwazo hivi, shule haiwezi kila kitu, lakini ina uwezo mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na kwa sehemu kubwa hauhitaji teknolojia mpya. Hatua yenye matokeo ya haraka ni chakula cha mchana au uji wa asubuhi. Mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni uliotolewa mwaka 2021 unaweka jukumu hilo kwa jamii ikishirikiana na serikali. Hesabu yake ni ndogo. Mwaka wa masomo una siku 194. Kikombe cha uji kikitumia gramu 60 za unga, mtoto mmoja anahitaji chini ya kilo 12 kwa mwaka, kiasi kisichofikia debe. Chakula cha mchana cha gramu 150 kinahitaji kilo 29, hivyo gunia la kilo 100 hulisha watoto watatu mwaka mzima. Katika mkoa wa mahindi kiasi hicho kipo. Tatizo ni wakati na utaratibu. Mchango ukidaiwa Februari, ghala la nyumbani likiwa tupu, mzazi hushindwa. Ukikusanywa mara baada ya mavuno, kabla mahindi hayajauzwa, wengi hutoa. Maharage, soya, karanga au usipa mkavu uliosagwa huongeza kile ambacho ugali peke yake hauna. Ng'ambo ya ziwa, shule nyingi za Malawi hutoa uji wa mahindi na soya unaoitwa likuni phala, na mradi wa Mary's Meals ulioanzia huko mwaka 2002 ulijengwa juu ya uji huo, ukipikwa na wazazi wa kujitolea.

Mpango wa chakula una mtego wake. Shule inayomnyima uji mtoto ambaye mzazi wake hajachangia imerudisha ada kwa mlango wa nyuma, tena kwa mtoto mwenye njaa kuliko wote. Njia mbili zimekuwa zikitumika kuukwepa. Ya kwanza ni shamba la shule ambalo mazao yake yamewekewa lengo moja tu, jiko la shule, na hesabu yake kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Ya pili ni serikali ya kijiji kuzitambua kaya zisizoweza na kuzisamehe bila kuwataja watoto mbele ya wenzao. Orodha ya walengwa wa TASAF husaidia kuanzia. Mpango huo wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukizipa kaya ruzuku na kudai mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, hivyo shule na mpango huo tayari zina sababu ya kuzungumza.

Baada ya chakula ni gharama ndogondogo. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 hufika shuleni moja kwa moja. Shule ya watoto 300 hupata shilingi 150,000 kwa mwezi za chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Fedha hiyo haitoshi kumnunulia kila mmoja madaftari anayohitaji, lakini uamuzi wa kutomfukuza asiye na sare wala viatu haugharimu kitu. Sare za wahitimu zinazokusanywa mwezi Septemba na kugawiwa Januari, na vitabu vinavyotunzwa darasani ili vitumike na wote, huondoa visingizio vingi vya utoro.

Ufundishaji wenyewe ni eneo ambalo mwalimu ana mamlaka kamili juu yake. Mtoto anayetoka nyumba isiyo na kitabu, inayoongea Kimatengo, Kinyasa au Kingoni, hujifunza Kiswahili cha darasani na kusoma kwa wakati mmoja. Mtaala wa 2015 uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya kwanza, pamoja na mradi wa Tusome Pamoja uliofanya kazi Ruvuma kuanzia 2016, uliwapa walimu vitabu vya hadithi na mbinu za kufundisha sauti za herufi. Faida hiyo hupotea mwalimu hodari akipewa darasa la saba na darasa la kwanza lenye watoto 90 likaachiwa mgeni wa kazi. Kipimo kifupi cha kusoma kila muhula huonyesha nani amebaki nyuma, na nusu saa ya marudio kila siku kwa hao tu, kwa kiwango walichofikia, huwanyanyua. Anayerudi kutoka shambani au baada ya kuugua huhitaji mpango uleule wa kufidia alichokosa. Adhabu humfunza kutorudi kabisa.

Kwa umbali, shule shikizi zimekuwa jibu linalofaa zaidi kwa watoto wadogo. Ni shule za madarasa machache ya mwanzo, zilizojengwa vitongojini na kusimamiwa na shule mama, na mwaka 2021 fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya aina hiyo nchini. Kwa sekondari, hosteli yenye mlezi huondoa magheto, na kwa wasichana hufanya tofauti ya kumaliza au kuacha. Choo chenye mlango na maji huwabakiza shuleni siku za hedhi. Tangu waraka wa Novemba 2021, msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya ujauzito anaruhusiwa kurudi, na shule inayomfuata nyumbani kumweleza hivyo humwokoa na ndoa ya mapema.

Yanayobaki nje ya uwezo wa shule ni bei ya kahawa na korosho, barabara za vitongojini, na lishe ya mtoto kabla hajafikisha miaka miwili. Hayo ni kazi ya ushirika, halmashauri na zahanati. Ndani ya uwezo wake, utaratibu unaofaa huanza na jiko, hufuata dawa za minyoo na kichocho, halafu mwalimu bora katika darasa la kwanza, kisha marudio kwa waliokosa, na mwisho majengo yanayosogezwa karibu na vitongoji. Shule ya kijiji inaweza kuanza matatu kati ya hayo matano kwa kikao kimoja cha wazazi baada ya mavuno.